Mkanda Mmoja, Uwanda na Mlima

Kambi ya baridi, Ziwa Guhkes
18 Januari 1999

Mama Mkubwa Gáddjá,

Shikamoo. Natumai nyonga inaunga vizuri na hujamtukana tena yule muuguzi wa asubuhi. Mimi mzima, mbwa mzima, na kulungu wako na wangu wanachimba theluji na kupata malisho yao chini bila taabu. Aliyekufa ni skuta yangu ya theluji.

Imekufa kabisa. Jumanne iliyopita niliiwasha, ikakohoa mara mbili, ikatoa moshi mweusi, ikanyamaza. Nikaikokota mpaka kwa Issát fundi. Aliifungua injini, akaitazama muda mrefu, kisha akasema, "Rávdná, hii ilikufa tangu mwaka juzi. Ilikuwa inamwonea haya mama yako mkubwa tu."

Kwa hiyo lazima ninunue nyingine kabla hatujahama mwezi wa nne. Nakuuliza wewe kwa sababu umeendesha skuta za theluji tangu mimi sijazaliwa. Muuzaji wa mjini anazo mbili. Moja ina mkanda mfupi, ule wa mpira unaozunguka chini na kuisukuma, mita tatu na kidogo, na meno mafupi kama ya panya. Kwenye uwanda mgumu inakwenda kama risasi. Nyingine ni ya mlimani: mkanda wake unakaribia mita nne, na kila jino lina urefu wa sentimita tano. Anasema hiyo inaelea juu ya theluji laini kama bata majini. Shida yangu unaijua. Mimi nataka zote mbili kwa safari moja: siku tisa za uwanda na maziwa yaliyoganda, halafu Mlima Ceakko, halafu kushuka pwani majike wakazalie huko.

Mjomba Jovnna hana shida yoyote. Jana alisema mbele ya watu wote, kikombe cha kahawa mkononi: "Nunua ile fupi, mpwa wangu, ubaki huku uwandani ukaushe nyama. Kulungu wa dada yangu nitawavusha mimi pamoja na wangu. Ceakko si mahali pa binti." Watu walicheka. Na mimi nilicheka, kwa sababu kitu kingine nilichotaka kufanya kilikuwa kulia.

Niambie ninunue ipi. Ningepiga simu, lakini najua masikio yako. Basi la shule linabeba barua kila Ijumaa.

Mwanao,
Rávdná


Hospitali, chumba namba sita
29 Januari 1999

Rávdná mwanangu,

Marahaba. Simu ya huku wakinishikisha sikioni ni sawa na kunishikisha kiatu, kwa hiyo umefanya vizuri kuandika. Nyonga inaunga. Kila siku natembea koridoni mpaka dirishani na kurudi, tena peke yangu, basi usijisumbue na habari hiyo. Chakula ni samaki mweupe, viazi vyeupe na mchuzi mweupe. Jirani yangu wa kitanda, Bi Solveig, anasema ni kizuri. Maskini, ameishi pwani maisha yake yote.

Sasa sikiliza. Usinunue yoyote kati ya hizo mbili.

Ile fupi itakufurahisha siku tisa na kukuzika siku ya kumi. Ukifika kwenye theluji laini ya Ceakko, mkanda mfupi hauna pa kuegemea. Unachimba. Ukiongeza mafuta unachimba zaidi, mpaka umekaa ndani ya shimo lako mwenyewe na kulungu wanakuchungulia kutoka juu.

Ile ndefu muuzaji hajakwambia yote. Mlimani ni malkia, sikatai. Lakini uwandani, kwenye barafu na theluji iliyopigwa na upepo ikawa kama saruji, yale meno marefu hayana cha kuuma. Yanajikunja, yanapigapiga, yanakatika. Na ubaya mkubwa hauko kwenye meno. Chini ya skuta kuna reli mbili zenye plastiki ambazo mkanda unateleza juu yake. Kinachozipoza ni theluji inayorushwa na mkanda wenyewe. Pasipo theluji ya kurushwa, reli zinapata moto, plastiki inayeyuka, inanata, na wewe unatembea kwa miguu. Tena skuta ndefu haigeuki. Jike akichepukia kwenye miti ya mibetula utamzungukia mpaka kesho.

Wewe unataka ya katikati. Mwambie Issát aagize mkanda wa mita tatu na sentimita sitini na tano hivi, meno ya sentimita nne, yasizidi. Mkanda ukifika, usiangalie karatasi, bonyeza jino kwa kidole gumba. Likilala kama sikio la ndama, rudisha. Likikataa kabisa kama kwato, rudisha. Unataka lile linalokubali nusu. Huo mkanda hautakuwa wa kwanza uwandani, na hautakuwa wa kwanza mlimani. Lakini utafika kote kuwili, na wewe hushindani mbio, unahamisha majike wenye mimba.

Utaambiwa usubiri wiki tano. Subiri. Na Jovnna mwache aseme. Tangu ana miaka sita anasema.

Mama yako mkubwa,
Gáddjá


Ziwa Guhkes
12 Februari 1999

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Asante kwa ushauri. Nimenunua. Ni nzuri, nyekundu, ina nguvu sana, na Mjomba Jovnna aliizunguka mara mbili bila kusema kitu, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Huku baridi ni kali, nyuzi thelathini na nane chini ya sifuri wiki nzima. Kulungu wako mweupe yule mwenye pembe moja bado anawasumbua wenzake. Jumapili nilivuka ziwa lote kwenda kuangalia kundi la upande wa pili. Ilikuwa siku nzuri, hakuna hata chembe ya theluji mpya, barafu inang'aa kama kioo. Nilisimama mara sita njiani kunywa kahawa na kutazama mandhari.

Je, unajua kitu cha kutoa harufu ya plastiki iliyoungua kwenye nguo? Ni jirani mmoja anauliza.

Mwanao,
Rávdná


Hospitali
20 Februari 1999

Rávdná,

Umenunua ile ya mlimani.

Usijitetee, sijakasirika bado. Nimekaa kwenye uwanda huo miaka sitini na minne. Sijawahi kumwona mtu akivuka Ziwa Guhkes kwa baridi ya nyuzi thelathini na nane halafu akasimama mara sita kutazama mandhari. Mandhari gani? Ziwa ni jeupe na mbingu ni nyeupe. Ulikuwa unasimama kupoza reli. Na huyo jirani mwenye nguo zinazonuka plastiki, nisalimie, mwambie atumie siki.

Bi Solveig nilimsomea barua yako, akacheka mpaka akaangusha sindano zake za kufumia.

Na sababu naijua, ndiyo maana sikasiriki. Mwaka 1971 nilinunua mashine kubwa kuliko za kaka zangu wote. Nilitaka waione. Waliiona kweli: wiki ya tatu niliizamisha mtoni kwa sababu ilikuwa nzito kuliko barafu ilivyoweza kubeba. Baba yangu hakunigombeza. Alinipa shoka nikakate barafu niitoe. Ilinichukua siku mbili, na kila aliyepita alisimama kunisalimu kwa heshima zote. Jovnna alipita mara tano, alikuwa na miaka kumi na saba.

Mashine ya kuwaonyesha watu na mashine ya kazi ni vitu viwili tofauti. Umeshawaonyesha. Sasa tuifanye ya kazi.

Nenda kwa Issát. Nyuma ya karakana yake, chini ya turubai, ana skuta iliyogonga mti msimu uliopita. Mbele imekwisha, nyuma nzima, na reli zake ni za urefu wa katikati. Mwambie nimekutuma. Azifungue reli hizo akufungie kwenye yako, pamoja na mkanda wa meno ya sentimita nne. Tena akufungie vikwaruzo kando ya reli: ni vile vyuma viwili vyenye springi vinavyoburuzwa kwenye barafu na kurusha vumbi la barafu ndani ya mkanda. Uwandani unavishusha, mlimani unavipandisha. Bila hivyo hata mkanda wa katikati utaona joto ziwani.

Usinifiche tena kitu. Mimi sikufichi.

Mama yako mkubwa,
Gáddjá


Kwa Issát fundi
3 Machi 1999

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Basi nasema yote.

Nilinunua ile ya mlimani siku mbili baada ya kupata barua yako. Nilikuwa nayo mfukoni nikiwa dukani. Muuzaji aliponionyesha yale meno nikamwona Mjomba Jovnna na kikombe chake cha kahawa, na nikaacha kufikiri.

Halafu tarehe 22 ilininyoosha. Nilikuwa katikati ya ziwa. Kwanza harufu, kisha mlio kama wa mtu anayeburuza meza, kisha skuta ikasimama yenyewe. Nilichungulia chini: plastiki ya reli ilikuwa imeyeyuka ikashikana na mkanda, na meno kumi na moja yalikuwa yamekatika. Nilitembea kilomita kumi na nne. Aliyenikuta ni nani? Mjomba Jovnna, na skuta yake fupi inayokimbia kama sungura. Alizima injini, akaniangalia, akasema, "Mpwa wangu, bata wako ameshindwa kuogelea?" Alinipakia. Njia nzima mabega yake yalikuwa yanatikisika kwa kicheko.

Nikaja kwa Issát. Nikamwambia umenituma.

"Nilikuwa nakungoja," akasema. "Mama yako mkubwa ameniandikia barua mbili tayari. Ya kwanza maagizo, ya pili matusi."

Tumefanya kazi siku tatu. Nimeshika kila bolti kwa mkono wangu kwa sababu alikataa kufanya peke yake. "Itakapokatika kule juu mimi sitakuwepo," alisema. Alikuwa na mikanda miwili ya urefu uleule. Mmoja meno yake yamesogeleana, mwingine yameachana. Nikabonyeza kwa kidole gumba kama ulivyosema. Ule wa meno yaliyosogeleana ulikuwa laini. Nikauliza kwa nini wengine wanaupenda. Akasema, "Uwandani huo ni kama kukaa kwenye kochi. Lakini mlimani theluji inanasa katikati ya meno, haitoki, na unabaki na mkanda usio na meno kabisa." Nikachukua ule mwingine, unaokubali nusu. Issát akaitikia kwa kichwa, na Issát haitikii ovyo.

Jana niliujaribu. Ziwa lote, vikwaruzo chini, sikusimama hata mara moja. Kwa kasi siwezi kushindana na mtu, lakini niligusa reli kwa mkono mtupu nilipofika na zilikuwa za baridi. Mama Mkubwa, nilipiga kelele peke yangu pale ziwani.

Sasa zamu yako. Issát alikuja kukuona mwezi uliopita, alipokuwa pwani kuchukua vipuri. Tulipokuwa tunakunywa kahawa nikamwambia, angalau anatembea sasa, mpaka dirishani na kurudi. Akaweka kikombe chini. Akasema, "Nani kakwambia? Yuko kwenye kiti cha magurudumu. Wanamwita mazoezini, anageukia ukutani."

Umesema hunifichi. Mimi nimesema yangu.

Rávdná


Hospitali
14 Machi 1999

Mwanangu,

Issát ana mdomo mpana kuliko mlango wa karakana yake.

Ni kweli. Sijatembea. Walinisimamisha mara moja mwezi wa kumi na mbili, maumivu yakanipanda mpaka kwenye meno, nikasema basi. Nimewachunga kulungu kwa miguu na kwa skii na kwa mashine, na siku hiyo nikashindwa kufika kwenye beseni la kunawia. Niliona aibu. Nikaona heri nikae nitazame ukuta.

Na kuna la pili, ulijue lote. Mwezi wa kwanza Jovnna alikuja hapa. Alileta matunda na karatasi. Karatasi inasema sehemu yangu ya malisho na alama yangu ya umiliki inayokatwa kwenye masikio ya kulungu vinakwenda kwake. Hakunilazimisha, kaka yangu si mtu mbaya, anaogopa tu kundi litatawanyika. Alisema, "Dada, wewe huwezi tena na yule mtoto hawezi bado." Karatasi iko kwenye droo ya kitanda. Kalamu iko juu yake. Nilikwishaandika herufi ya kwanza ya jina langu, siku barua yako ya kwanza ilipofika. Nikaiacha hapo.

Barua yako ya karakana nimeisoma mara nyingi. Hasa pale uliposhika reli.

Tukubaliane hivi. Wewe pandisha kulungu Ceakko, mimi nitasimama. Leo asubuhi nimemwambia yule muuguzi niliyekuwa namtukana aje kesho saa tatu. Alidhani nataka kumtukana tena.

Kuhusu mlima: usiupande wima. Upande kwa kukatiza, kushoto kisha kulia, na uegemeze mwili wako upande wa juu mpaka ukaribie kulala. Ukihisi mkanda unaanza kuchimba, achia mafuta hapohapo. Shuka, kanyaga theluji kwa miguu, ingoje igande, panda tena. Na usipande mara moja tu ukawaita kulungu. Panda mara nyingi mahali palepale mpaka iwe barabara. Jike mwenye mimba hawezi kuogelea kwenye theluji.

Gáddjá


Chini ya Mlima Ceakko, penye barabara
19 Aprili 1999

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Naandika haraka, dereva wa gari la kukwangua theluji amekubali kuibeba hii.

Uwanda tumeuvuka kwa siku tisa bila tatizo. Hapa tumekwama. Dhoruba ya siku tatu imemwaga theluji mpya inayonifika kiunoni, laini kama unga. Miaka mingine alfajiri tulikuta ganda gumu juu ya ile laini, mwaka huu hakuna. Mjomba amejaribu leo na skuta yake, hakufika hata robo. Anasema tungoje wiki nzima. Lakini nyuma yetu barafu ya mto imeanza kutoa maji juu, na jike mmoja ameanza kujitenga na wenzake kama anayetafuta pa kuzalia. Wiki hatuna.

Kesho kukipambazuka najaribu mimi. Sijamwambia Mjomba.

Rávdná


Pwani
24 Aprili 1999

Dada yangu Gáddjá,

Mimi si mtu wa barua, unajua. Lakini yule mpwa wangu amelala, na akiamka akikuandikia atasema "tumevuka" basi. Wewe unastahili kusikia ilivyokuwa.

Tarehe 20 niliamka nikasikia injini. Nikatoka hemani, nikamwona yuko chini ya mlima, amepandisha vile vyuma vyake vya kukwaruza. Nikapiga kelele, "Wee Rávdná! Unakwenda wapi?" Akanijibu bila kugeuka, "Kutengeneza barabara, Mjomba! Kaa kwenye sleji ya mizigo ule nyama!"

Dada, mbele ya watu wote.

Mimi nikasema moyoni, atazama pale nilipozama mimi. Shimo langu la jana lilikuwa bado lipo. Alilipita kwa upande, amelala ubavu juu ya skuta yake kama mtu anayechungulia kisima. Akakata kushoto. Akakata kulia. Mkanda wake ulikuwa unazama nusu, lakini hauchimbi, unasukuma. Nilikuwa natazama meno yale yakitupa theluji nyuma, kidogo kidogo, hayana haraka. Nimeendesha skuta miaka ishirini na nane na nilidhani mlima unapandwa kwa nguvu ya injini.

Penye ule ubavu mkali chini ya kilele alikwama. Niliona mashine inainama nyuma, nikasema basi. Akaachia mafuta. Akashuka. Akaanza kukanyaga theluji kwa miguu, mbele na nyuma, mbele na nyuma, peke yake kule juu, mdogo kama mbwa. Kisha akakaa juu ya kiti akangoja. Jamaa hapa chini wakaanza kusema, "Kachoka, mwiteni arudi." Nikawaambia nyamazeni. Baada ya nusu saa akawasha, akapanda, akapotea kileleni.

Tulishangilia. Halafu akarudi! Akashuka njia ileile mpaka chini, akageuza, akapanda tena. Mara ya tatu nikaelewa anafanya nini. Mara ya saba njia ilikuwa pana na imeshindiliwa, na jua liliposhuka na baridi ikarudi, ikawa ngumu kama meza. Alipokuja kusimama mbele yangu nyusi zake zilikuwa barafu tupu. Akasema, "Mjomba, nipe yule jike wako mwenye kengele."

Nikampa. Akamfunga kamba nyuma ya sleji iliyokokotwa na skuta yake, akaondoka polepole, na dada, kundi zima likamfuata. Lako, langu, la kila mtu. Mstari mmoja kutoka chini mpaka mawinguni, na migongo yao ikitoa mvuke. Sikumbuki kama nimewahi kuona kitu kama kile, na nimeona mengi. Hakupotea hata mmoja. Jike yule aliyekuwa anajitenga amezaa huku juzi, saa chache baada ya kufika, ndama yuko kwa miguu yake.

Mimi nilikuwa wa mwisho. Skuta yangu iliteleza nje ya njia karibu na kilele, ikazama. Alirudi kunivuta. Alifunga kamba, akanitazama, nikasubiri aseme neno kuhusu bata. Hakusema. Angesema ningeona nafuu. Watu wote walikuwa wameshapumzika upande wa pili, wakaniona naburutwa kushuka, nikiwa nimekaa wima kama bwana harusi. Walicheka mpaka wakaketi chini. Nilicheka na mimi, nikagundua kwamba si rahisi hata kidogo.

Jana nilimuuliza mkanda wake ni wa urefu gani. Issát atapata kazi.

Ile karatasi iliyoko kwenye droo, lifute jina langu.

Kaka yako,
Jovnna


Hospitali
11 Mei 1999

Rávdná mwanangu,

Barua ya mjomba wako ilifika kabla ya yako, na kama alivyotabiri, yako ilikuwa na maneno tisa. Yake niliisoma kwa sauti chumba kizima. Pale kwenye mstari mpaka mawinguni Bi Solveig alilia, na Bi Solveig hajawahi kumwona kulungu isipokuwa kwenye sahani. Alinifanya nirudie. Muuguzi naye akasimama mlangoni na trei, samaki wakapoa, hakuna aliyejali.

Karatasi nimeiandika upya, jina lako juu, jina langu chini, herufi zote. Afisa wa kulungu alikuja jana akagonga muhuri. Malisho ni yako, alama ya masikio ni yako, na yule mweupe mwenye pembe moja ni wako pia, pole sana. Jovnna ametia saini kama shahidi. Alitaka kuniambia kitu kuhusu mikanda ya skuta, urefu, meno, springi, alinifundisha saa nzima kana kwamba kavumbua yeye. Nilimwacha aseme.

Sasa habari zangu. Tarehe 15 Machi nilisimama nikashikilia kitanda, nikahesabu mpaka nne. Wiki nzima sikuzidi nne. Siku ile ulipokuwa Ceakko sikujua uko wapi mlimani, lakini nilijua ni siku hizo, basi niliamua kila siku niongeze hatua moja na nisirudi nyuma. Kuuma kunauma. Nimemwambia muuguzi aniegemeze upande wa juu. Hakuelewa, lakini aliniegemeza. Jana nilifika dirishani, kwa fimbo mbili, na safari hii si uongo, unaweza kumuuliza Issát na mdomo wake. Dirisha lenyewe halina maana, linaangalia maegesho ya magari. Nililitazama kama mtu anayetazama bahari.

Daktari anasema nikae mpaka mwezi wa saba. Nimemweleza kwamba mwezi wa sita ndama wanawekwa alama, na mwaka huu mwenye kisu ni wewe, na sijasikia kwamba alama iliwahi kukatwa bila mimi kusema imekatwa vibaya. Akacheka, akadhani ni utani.

Njoo unichukue Jumamosi, tarehe 15. Njoo na gari, si skuta. Leta kanzu yangu ya buluu na ile shali yenye matamvua, na buti za ngozi, zile za kulia na za kushoto zisichanganyike kama mwaka jana. Usiegeshe mbali, wala usipande ghorofani kunitafuta. Nitakuwa chini, mlangoni, nimesimama.

Mama yako mkubwa,
Gáddjá